Katoka Duarani, Dunia Haijarudi

Jumatatu ya tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope katika mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulibomoka. Tope likashuka hadi vijiji vya jirani, Ng'wanholo na Nyenze, likameza nyumba na mashamba. Hakuna aliyepoteza maisha, na tulishukuru. Zikafuata siku za kuhesabu: kaya ngapi, ekari ngapi, mifugo mingapi, fidia kiasi gani. Hesabu hiyo ilikuwa ya haki na ya lazima.

Yapo madhara ambayo fomu za tathmini hazina pa kuyaandika. Mtu anaamka asubuhi, anajua jina lake, anajua leo ni siku gani, anamjua mkewe na watoto wake, anakwenda kisimani na kurudi bila kupotea njia. Bado kila anachokitazama kina ubandia fulani. Mti ni uleule, ila hauna uzito. Sauti ya mwanawe inamfikia kwa mbali, na mtoto kasimama mbele yake. Akitazama mikono yake, anaona mikono ya mtu tu. Akizungumza, anajisikiliza akizungumza. Ukimuuliza ana nini, atajaribu mara moja: "Nipo, lakini sipo." Kisha atanyamaza, maana amekwisha kuona watu wanavyomtazama anaposema hivyo.

Madaktari wa afya ya akili wanaijua hali hii. Kujihisi uko nje ya nafsi na mwili wako wanakuita depasonalizesheni. Kuhisi dunia inayokuzunguka si halisi wanakuita derealizesheni. Mara nyingi mambo haya mawili huja pamoja, na ndiyo maana orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, inayaweka kama ugonjwa mmoja. Si jambo jipya. Henri-Frédéric Amiel, profesa wa Geneva nchini Uswisi, aliieleza katika shajara yake mwaka 1880, na kutoka kwenye shajara hiyo Mfaransa Ludovic Dugas akachukua jina la ugonjwa mwaka 1898. Wala si jambo la nadra. Watu wengi hupitia dakika chache za namna hii angalau mara moja maishani: baada ya msiba, baada ya kunusurika ajali ya basi, baada ya kukesha usiku kucha. Kwa wengi hupita. Kwa takriban mtu 1 au 2 kati ya 100 hung'ang'ania, ikakaa miezi au miaka, na mara nyingi huanza katika umri wa kuwa sekondari, wastani wa miaka 16.

Jambo ambalo kila mwenye hali hii anapaswa kuambiwa kabla ya mengine yote ni kwamba hajapata wazimu. Aliyepatwa na wazimu anaweza kuamini kwa dhati kwamba jirani yake si jirani, kuna mtu mwingine kavaa sura yake. Huyu wetu anaona jirani anaonekana mgeni, na papo hapo anajua fika kwamba ni jirani yule yule wa siku zote. Kujua huko ndiko daktari anakokutafuta anapompima, na kunaposalia, daktari anakuwa na mahali pa kuanzia. Nimelitanguliza hili kwa sababu hofu ya kuwa mwendawazimu ndiyo inayowatesa watu hawa kuliko hali yenyewe. Wengi hukaa miaka bila kumwambia yeyote, wakijilinda dhidi ya jina ambalo halikuwahi kuwa lao.

Kwa nini ubongo ufanye hivi? Watafiti wawili wa Iowa, Marekani, Russell Noyes na Roy Kletti, miaka ya 1970 waliwahoji watu walionusurika kuanguka kutoka juu, kuzama majini na ajali za barabarani. Wengi walieleza kwamba katika ile nafasi ya kifo hofu ilizimika. Muda ukarefuka, wakajitazama wakianguka kana kwamba ni mtu mwingine, wakatulia kiasi cha kufanya lililowaokoa. Hivyo hali hii kwa asili yake ni kinga. Hatari inapozidi uwezo wa mtu kuibeba, ubongo hushusha hisia ili mwenyewe aweze kutenda. Ni sawa na fundi anayezima umeme wa nyumba nzima nyaya zinapoanza kuungua. Tatizo linakuja pale moto umekwisha na swichi haijarudishwa. Mwaka 2001 Mary Phillips na wenzake jijini London waliwaonyesha wenye ugonjwa huu picha za kuchukiza huku wakipima ubongo wao. Sehemu iitwayo insula, ambayo kwa watu wengine huchangamka mtu anapoona kinyaa, kwao ilitulia, na sehemu za mbele zinazodhibiti hisia ndizo zilizofanya kazi kwa nguvu. Macho yanaona sawasawa na akili inatambua. Kinachokosekana ni ule mguso wa ndani unaokuthibitishia kwamba kila unachokiona kipo na kinakuhusu.

Sasa lichukue jambo hilo ulilete kwetu, kwenye ukanda wa almasi na dhahabu kutoka Maganzo, jirani na Mwadui, hadi Geita.

Oktoba 2015, huko Nyangarata wilayani Kahama, shimo liliwafukia wachimbaji wadogo sita. Watu walikata tamaa. Tarehe 15 Novemba, baada ya siku 41, watano walipatikana wakiwa hai. Mwenzao mmoja alikuwa amefia humo humo. Dunia nzima ilisoma walivyokula mizizi, mende na vyura, na kunywa maji yaliyochuruzika kwenye mwamba. Januari 2017, Nyarugusu mkoani Geita, watu 15 wakiwemo Watanzania 14 na Mchina mmoja walinaswa chini ya mgodi wa RZ, wakatolewa wote hai baada ya siku kadhaa. Picha zilionyesha watu wakishangilia juu ya kifusi, na walistahili kushangilia.

Fikiria lakini giza lile. Betri za tochi zinakwisha. Hakuna asubuhi, hakuna jioni, hakuna jogoo wala adhana. Katika miaka ya 1950, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Canada waliwalipa wanafunzi ili walale tu, macho yamezibwa na sauti zimefifishwa. Wengi hawakuvumilia zaidi ya siku chache. Walianza kuona visivyokuwepo na kujihisi wageni ndani ya miili yao. Hao walikuwa kwenye kitanda, wanaletewa chakula, na mlango uko wazi. Mchimbaji aliyefukiwa hana lolote kati ya hayo. Anapotolewa tunamwuliza alikula nini. Swali la pili lilipaswa kuwa: je, sasa unapotutazama, unatuona tuko kweli?

Wala si lazima mtu afukiwe. Maisha ya rashi, yaani kukimbilia dhahabu mpya, yenyewe yanatosha kuandaa njia. Kijana anasikia dhahabu imetoka mahali, anaacha shule, anahamia kwenye turubai. Zamu ni ya usiku. Kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe, kelele hazikomi. Usingizi ni wa saa tatu nne, bangi ipo, gongo ipo, mirungi ipo, na vinywaji vya kuongeza nguvu vinauzwa kila kibanda. Jana duara la pili, yaani shimo la kuchimbia, limeporomoka na kumchukua rafiki waliyekula naye ugali asubuhi. Leo anatakiwa kuteremka tena kwa sababu msimamizi hasubiri msiba. Ukosefu wa usingizi, hofu isiyo na mwisho na bangi ni vichochezi vitatu vinavyojulikana vizuri katika ugonjwa huu, na hapa vyote vinakaa kwenye turubai moja. Kipo na cha nne: baadhi ya vijana hawa walikulia kwenye matusi na kutengwa, na watafiti wameona kwamba kudharauliwa na kunyanyaswa kihisia utotoni kunahusiana sana na ugonjwa huu, hata pale ambapo mtoto hakupigwa.

Mwadui imejulikana kwa karati tangu John Williamson, mwanajiolojia kutoka Canada, alipoikuta almasi hapo mwaka 1940. Bado tunasimulia almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana mwaka 1947 na kupelekwa kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kama zawadi ya harusi. Kwa jiwe tuna kipimo mpaka nukta. Kwa mtu aliyelichimba hatujaweka kipimo hata cha kumwuliza amelalaje.

Upande wetu wa Kanda ya Ziwa, mtu akisema "mimi si mimi", jibu huwa limeshapatikana kabla hajamaliza sentensi. Karogwa. Ana jini. Ama, na hili ndilo linalotisha zaidi, amefanywa msukule. Tangu utoto tumesikia habari za mtu anayeonekana yupo na kumbe nafsi yake imechukuliwa, analimishwa usiku kwenye shamba la mchawi huku nyumbani kimebaki kiwiliwili. Mweke pembeni ya simulizi hiyo kijana asiyehisi uso wake kuwa wake, anayeona watu wa nyumbani kama vivuli, asiyeweza kulia hata kwenye msiba wa baba yake. Simulizi inamtosha kama kanzu iliyokatwa kwa kipimo chake. Anaiamini, na hofu yake inaongezeka mara kumi.

Siandiki haya kuwadharau wazee wetu. Bafumu, waganga wa jadi wa Usukumani, wamewapokea watu wenye mateso ya nafsi kwa karne nyingi, wamewaketisha, wamewasikiliza, wamewakalisha na ndugu zao pamoja, na kuna utu katika kupokelewa namna hiyo. Ubaya unaanza pale ramli inapotaja jina. Kwenye mikoa hii ya Shinyanga, Geita na Mwanza tunajua jina hutua wapi: kwa mama mkongwe, mjane, mwenye macho mekundu kwa sababu amepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote. Mapanga yamewamaliza wanawake wengi kwa njia hiyo, na ni aibu yetu. Ugonjwa wenye maelezo unapokosa maelezo, mtu asiyehusika hulipa kwa damu. Hapo ndipo elimu ya afya ya akili inapogeuka kuwa suala la uhai wa bibi wa jirani.

Na kabla ya kusema ni akili, mwili upimwe. Hili nalisisitiza kwa watu wa migodini hasa. Mtu anayejihisi yuko ndotoni akiwa ndani ya duara, kichwa kinamgonga na miguu inalegea, anaweza kuwa anavuta hewa yenye sumu kutokana na moshi wa baruti au mashine ya kuvuta maji inayotumia petroli. Huyo atolewe juu mara moja, maelezo yatafuata. Kifafa cha aina fulani huleta vipindi vifupi vya kuona kila kitu ni kigeni. Malaria iliyopanda kichwani, kipigo cha kichwa na sukari kushuka, vyote huvuruga fahamu. Zebaki nayo ipo. Wanaokamatia dhahabu kwa zebaki na kuichoma kwa moto, wakati mwingine kwenye jiko lile lile la kupikia, huvuta mvuke unaoharibu mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua. Watafiti wa mradi wa Umoja wa Mataifa walikwenda Rwamagasa, Geita, miaka ya mwanzo ya 2000, wakayakuta madhara ya zebaki kwa wachimbaji. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, na bado inauzwa. Daktari anapokuuliza kazi yako, mwambie yote.

Vipimo vikitoka safi na hali ikabaki, ndipo kazi ya kuishi nayo inapoanza. Kosa la kawaida ni kuikagua hali hii kila dakika. Mtu anajitazama kwenye kioo kuona kama amerudi. Anajigusa mkono, anawatazama watoto huku akijiuliza: je, nawahisi leo? Kila ukaguzi unarudisha hofu, na hofu ndiyo inayoushikilia ubongo kwenye ile kinga. Tiba ya mazungumzo, ambayo wataalamu wa London kama Elaine Hunter wameijenga kwa ajili ya ugonjwa huu, inaanzia hapo: kumwonyesha mtu jinsi tafsiri yake ya hali ("naharibika ubongo", "nakufa", "nimechukuliwa") inavyoilisha hali yenyewe, kisha kumzoesha kurudi kwenye shughuli zake hata kama bado hazina ladha. Hakuna dawa iliyothibitishwa kwa ugonjwa huu peke yake. Mara nyingi kuna sonona au wasiwasi uliopitiliza pembeni yake, na hayo yana dawa. Yakitibiwa, ukungu nao hupungua.

Wakati kipindi kikali kinapokushika, mwili ndio mlango wa kurudia. Vua viatu, kanyaga ardhi. Nawa uso kwa maji ya baridi ya mtungi. Shika kitu kigumu na ukitaje kwa sauti: hili ni jembe, mpini wake ni wa mti, una ufa hapa. Tafuna tangawizi au ndimu. Pumua taratibu, ukitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyoivuta, maana kuhema haraka huongeza ile hali ya kuelea. Kipindi hakitakatika mara moja. Unachokifanya ni kuuambia mwili kwamba hatari imepita, na mwili huelewa polepole, kwa kurudiarudia. Kwa siku za kawaida, usingizi ndio wa kwanza. Bangi iachwe kabisa. Wapo ambao hali yao ilianza na msokoto mmoja na ikaendelea baada ya moshi kuisha. Kazi ya mikono husaidia, na kuimba kwaya, na kucheza mpira, na kulima na wenzako, kwa sababu mambo hayo yanavuta macho kutoka ndani kwenda nje.

Nanyi mnaoishi naye mna sehemu kubwa. Maneno "acha mawazo" hayajawahi kumponya mtu. "Mbona unaonekana mzima" humfungia mlango. Kijana akimwambia mama yake, "Mama, najisikia kama sipo," mama anaweza kujibu, "Nimekusikia, baba. Mimi nakuona, uko hapa, na tutakwenda hospitali pamoja." Jibu hilo halihitaji shahada. Mke asidhani amechukiwa kwa sababu mume amekuwa baridi. Upendo haujaondoka, mguso wake ndio uliozimwa, na mwenyewe anaulilia kuliko yeyote. Na mkimwona mtu huyu anaanza kusema kuwa kufa na kuishi ni mamoja, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Mpelekeni hospitali.

Pa kwenda papo. Zahanati na kituo cha afya wanaweza kuandika rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa ya Shinyanga na Geita ndizo ngazi inayofuata, na katika Hospitali ya Bugando jijini Mwanza kuna idara ya magonjwa ya akili. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, imebeba jina zito midomoni mwa watu, na jina hilo limewazuia wengi kutafuta msaada hata ulio karibu na kwao. Kumwona daktari wa akili si kupelekwa Mirembe. Ukifika, usiseme tu "kichwa kinaniuma" au "sina nguvu", kwa maana utapewa dawa ya maumivu na kurudishwa. Sema kama ilivyo: dunia inaonekana si halisi, najiona niko nje yangu, lakini najua kwamba sivyo, na imeanza lini.

Kwa wenye dhamana nina ombi. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliwapa waajiriwa mfuko wa kuwatazama wanapoumia kazini. Mchimbaji mdogo wa duara, asiye na mkataba wala cheti cha mshahara, kwa kawaida yuko nje yake. Huyu ndiye anayefukiwa mara nyingi zaidi. Mpango wa uokoaji katika uchimbaji mdogo, pale ulipo, hutaja kamba, winchi na matimba ya kushikilia kuta. Tume ya Madini, halmashauri zetu na viongozi wa wachimbaji wauongezee kipengele kimoja: kila aliyetolewa chini ya kifusi, na kila kijiji kilichopigwa na tope, waonwe na mnasihi au ofisa ustawi wa jamii ndani ya wiki ya kwanza, waonwe tena baada ya mwezi, na tena baada ya miezi mitatu. Gharama yake si kubwa. Mgodi unaoshindwa kuilipa haujawa tayari kuteremsha watu chini.